Mwili Hujifunzaje Ugonjwa Usiowahi Kuuona?



Mwaka 1846 surua iliingia katika visiwa vya Faroe, kaskazini mwa Bahari ya Atlantiki, ikawashika watu wapatao 6,000 kati ya wakazi wasiofika 8,000. Serikali ya Denmark ilimtuma daktari kijana, Peter Ludvig Panum, akachunguze. Alipita kijiji kwa kijiji akiuliza nani kaugua na nani kasalimika, akakuta wazee 98 waliokuwa wameugua surua katika mlipuko wa mwaka 1781. Hakuna hata mmoja wao aliyeugua tena. Kwa miaka 65 surua haikuwa imerudi visiwani, wala hapakuwa na kitu cha kuikumbusha miili yao. Waliiona mara moja utotoni, na hilo liliwatosha hadi uzeeni.

Sasa tuje kwetu. Mtoto aliyezaliwa Kilifi, Muheza au Rufiji huanza kuugua malaria angali mchanga. Hupona, huugua, hupona, huugua. Akijaliwa kuvuka miaka mitano hivi, malaria kali humpungukia. Akiwa mtu mzima anaweza kuwa na vimelea kwenye damu na bado akaamka akaenda shambani. Kwamba kinga hiyo imo ndani ya damu yenyewe tunajua tangu mwaka 1961. Sydney Cohen, Ian McGregor na S. Carrington walichukua kingamwili za watu wazima wa Gambia wakawadunga watoto wagonjwa, na vimelea vikapungua mno. Mwaka 1963 wakachapisha taarifa nyingine: kingamwili za Afrika Magharibi zilikuwa zimetumika kutibu malaria ya Afrika Mashariki. Damu ya mtu mzima, basi, ilikuwa imejifunza jambo ambalo damu ya mtoto ilikuwa haijalijua.

Kwa nini surua hufundisha kwa pigo moja, na malaria ikahitaji miaka?

Mimi ni mwalimu wa fizikia, na nina jambo moja la kutetea mbele yenu. Mwili hujifunza ugonjwa kwa kubahatisha kwa wingi na kuchuja kwa ukali, ndani ya seli zisizo na ubongo, katika joto la nyuzi 37 ambalo halizipi molekuli utulivu hata kidogo. Kasi ya kujifunza huko, ubora wake na mahali kunapokoma huamuliwa na mambo matatu ambayo fizikia inajua kuyapima: idadi, nishati na muda. Tukiyahesabu hayo, tofauti ya surua na malaria huanza kueleweka, na hata namna ya kupanga dozi za chanjo hubadilika.

Kwanza tukubaliane juu ya wahusika. Kingamwili ni protini yenye umbo la herufi Y, na ncha zake mbili hunasa sehemu fulani ya kimelea au kirusi. Sehemu hiyo inayonaswa huitwa antijeni. Zinazotengeneza kingamwili ni seli B, na kabla ya kuzimwaga kwenye damu kila seli huzisimika juu ya ngozi yake kama vipokezi. Wenzao ni seli T, ambazo nazo zina vipokezi vya aina yao. Kila seli hubeba kipokezi cha umbo moja tu.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Karl Landsteiner alionyesha jambo lililowatatiza wengi: mnyama aweza kutengeneza kingamwili dhidi ya kemikali iliyobuniwa maabara, kitu ambacho hakijawahi kuwapo duniani. Haiwezekani mababu wa mnyama huyo wawe walimwachia jeni ya kukabiliana nacho. Linus Pauling, mmoja wa wanakemia wakubwa kabisa wa karne hiyo, alitoa jibu mwaka 1940: kingamwili huanza kama uzi laini, halafu hujikunja juu ya antijeni na kuchukua umbo lake. Ni wazo zuri, na lina mantiki ya kifizikia. Lakini si kweli. Mwaka 1957 Frank Macfarlane Burnet wa Australia, akiendeleza fikra ambazo Niels Jerne alizitoa miaka miwili kabla, alisema maumbo yote yapo tayari, kila seli na lake, hata kabla ugonjwa haujaingia. Antijeni ikija hukuta seli inayoipatia, na seli hiyo huzaana. Mwaka uliofuata Gustav Nossal na Joshua Lederberg wakaonyesha kwamba seli moja hutoa kingamwili ya aina moja tu.

Angalieni ukubwa wa dai hilo. Burnet anasema antijeni haifundishi chochote, inachagua tu. Utofauti unatokea kwa nasibu, uteuzi unafuata, na kilichoteuliwa kinarithiwa na seli za kizazi kinachofuata. Ndiyo nadharia ya Darwin, ila inafanyika ndani ya mtu mmoja kwa muda wa wiki chache.

Je, utofauti huo unatosha? Binadamu ana jeni za protini zipatazo 20,000 kwa shughuli zote za mwili. Jibu lilipatikana Basel, Uswisi, mwaka 1976. Susumu Tonegawa na Nobumichi Hozumi walilinganisha DNA ya kiinitete cha panya na ile ya seli zinazotengeneza kingamwili, wakakuta vipande vilivyokuwa mbalimbali katika kiinitete vimeletwa pamoja katika seli iliyokomaa. Seli inaikata DNA yake yenyewe na kuipanga upya. Tonegawa alipewa tuzo ya Nobel kwa ugunduzi huo mwaka 1987.

Kwa binadamu, vipande vya DNA vya mnyororo mzito, mmoja wa aina mbili za minyororo inayounda kingamwili, viko kwenye kromosomu ya 14, navyo ni vya aina tatu: V takriban 40, D takriban 23, na J 6. Kila seli B changa, ikiwa ndani ya uboho wa mifupa, huokota kimoja cha kila aina. Hayo ni machaguo 5,520. Zidisheni kwa machaguo mia tatu hivi ya mnyororo mwepesi, mnapata zaidi ya milioni moja na nusu. Ni nyingi, lakini utajiri wenyewe hauko hapo. Uko kwenye maungio. Pale vipande vinapounganishwa, vimeng'enya hula herufi kadhaa za DNA na kuongeza nyingine ovyo, bila kunakili popote.

Kipimo cha ovyo tunacho katika fizikia, nacho ni entropi. Mwaka 2012 Anand Murugan, Thierry Mora, Aleksandra Walczak na Curtis Callan walichapisha hesabu ya entropi ya vipokezi vya seli T. Callan ni yuleyule ambaye wanafunzi wangu wa fizikia ya chembe hukutana na jina lake katika mlinganyo wa Callan na Symanzik, na hufurahi sana kila ninapowaambia alikohamia.

Ugumu wao ulikuwa huu: seli zilizomo kwenye damu zimekwisha kuchujwa, kwa hiyo ukizihesabu unapata nasibu na mchujo vikiwa vimechanganyika. Walitokaje hapo? Herufi za DNA husomwa tatu tatu, na maungio yanayoongeza au kupunguza ovyo huvuruga usomaji huo mara mbili kati ya tatu. Seli iliyoharibu kromosomu moja hujaribu ya pili, na jaribio lililoharibika hubaki mlemle bila kutumika. Jaribio hilo halijawahi kutengeneza protini, halijawahi kuchaguliwa wala kukataliwa. Ni rekodi ya nasibu tupu. Wakazisoma rekodi hizo. Wakapata biti 47 hivi kwa mnyororo mmoja tu wa kipokezi, ule wa beta. Uchaguzi wa vipande V, D na J peke yake usingezidi biti 11. Zilizobaki zote zinatoka kwenye ovyo la maungio. Biti 47 ni sawa na maumbo trilioni 140, na mwili mzima wa mtu una seli trilioni 30 na ushei. Kwa maneno mengine, hakuna mtu aliyewahi kuishi ambaye mwili wake ungeweza kubeba vipokezi vyote vinavyowezekana. Kila mmoja wetu amebeba sampuli, na sampuli yangu si yako, ijapokuwa vipo vipokezi ambavyo mtambo huu huvitoa kwa urahisi kiasi kwamba vinakutwa kwa watu wengi wasio na udugu wowote.

Kama ni sampuli tu, mbona inatosha? Hapa linaingia suala la nishati. Kipokezi hakihitaji kulingana na antijeni kwa ukamilifu. Hushikana nayo kwa nguvu nyingi ndogondogo, na joto la mwili linazitikisa nguvu hizo muda wote. Kanuni ya Boltzmann inatuambia kila nishati ya kushikana inapoongezeka kwa mara 2.3 ya nishati ya joto, uimara wa mshikamano hupanda mara 10. Ushikaji wa wastani, basi, ni jambo la kawaida. Ushikaji imara ndio adimu. Kipokezi kimoja huweza kushika kwa wastani antijeni nyingi zinazofanana kidogo.

Mwaka 1979 Alan Perelson na George Oster waliifanya fikra hiyo kuwa hesabu. Chukulieni kwamba kipokezi kimoja kinafunika sehemu moja katika 100,000 ya maumbo yote yanayoweza kutokea. Mnyama mwenye aina 100,000 za vipokezi vilivyotawanywa kwa nasibu atakosa asilimia 37 ya maumbo hayo. Ongezeni aina zifike milioni moja, na atakosa umbo moja tu katika 22,000. Mara kumi zaidi ya seli, na hatari inashuka mara elfu nane. Hesabu hii ina sura ya kipeo, na mimi huiona kama sababu ya msingi ya kinga ya aina hii kuwezekana kabisa. Kubahatisha kuna sifa mbaya katika lugha ya kila siku, lakini kwenye eneo la maumbo lisilojulikana mapema, seli milioni zinazobahatisha hazipitwi na mengi.

Lakini vipokezi vilivyoundwa ovyo vitashika pia protini za mwili wenyewe. Tezi ya thaimasi, iliyo kifuani nyuma ya mfupa wa kidari, huua seli T changa zinazoshika vya nyumbani kwa nguvu mno, ila haiwezi kuondoa kila kitu. Seli T inapopapasa seli nyingine hukuta vipande vya protini 100,000 hivi, vyote vya mwili, na pengine chini ya kumi vya kirusi. Tofauti ya muda wa kushikana kati ya vya mwili na vya kirusi ni ndogo, mara kadhaa tu. Seli inatenganishaje?

John Hopfield, mwanafizikia aliyepata tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2024 kwa kazi yake ya mitandao ya neva, alitoa mwaka 1974 wazo lililokusudiwa kueleza usahihi wa kunakili DNA na kutengeneza protini. Mwaka 1995 Timothy McKeithan akaliingiza kwenye seli T. Linakaribiana sana na desturi yetu ya hodi. Mgeni mwenye shida na mwenye nyumba hupiga hodi, akangoja, akapiga ya pili, akangoja, akapiga ya tatu. Mpita njia aliyegusa mlango kwa bahati hafiki huko. Ndani ya seli T, kipokezi kikinaswa huanza mfululizo wa hatua za kikemia, na antijeni ikiachia kabla ya hatua ya mwisho, yote yaliyofanyika hufutwa na kuanzwa upya. Tuseme hatua moja huchukua sekunde moja kwa wastani, kipande cha mwili hushika kwa sekunde moja, na cha kirusi kwa sekunde tano. Katika hatua moja nafasi zao za kuendelea ni asilimia 50 kwa 83, tofauti isiyotosha kumhukumu mtu. Baada ya hatua kumi, cha mwili hufika mwisho mara 1 katika 1,000 na cha kirusi mara 16 katika 100.

Usahihi huo haupatikani bure. Kila hatua hutumia nishati, kwa sababu mfumo uliotulia katika mizani ya joto hauwezi kutenganisha zaidi ya kile ambacho tofauti ya nishati za kushikana inaruhusu. Isitoshe, wageni 84 katika kila 100 wamekataliwa mlangoni. Ukitaka usahihi unapoteza wepesi; ukitaka wepesi unamwingiza asiyestahili.

Sasa tufike sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mtu akiwa na kidonda mguuni, mtoki humvimba kinenani. Ndani ya tezi ile iliyovimba, na ndani ya bandama pia, hutokea vitalu vidogo vya seli B, na humo ndimo mageuko hufanyika kwa kasi isiyoonekana kwingine katika mwili wenye afya. Seli B zilizoshika antijeni, hata kwa wastani tu, hukusanyika na kugawanyika kila baada ya saa chache. Kila zinapogawanyika, kimeng'enya maalumu hubadilisha herufi za jeni ya kingamwili kwa kiwango cha herufi moja katika kila 1,000, mara milioni hivi zaidi ya makosa ya kawaida ya kunakili DNA. Jeni husika zina herufi mia saba na zaidi kidogo kwa minyororo yote miwili, kwa hiyo kila mgawanyiko mmoja au miwili huleta badiliko moja.

Mengi ya mabadiliko hayo yanaharibu. Machache hayafanyi kitu. Machache zaidi yanaboresha. Seli huhamia upande wa pili wa kitalu, na huko hukuta antijeni imetundikwa kwa uchache na seli T wasaidizi wakiwa wachache pia. Seli B inayonyakua antijeni nyingi huwaonyesha wasaidizi, nao huipa ruhusa ya kuishi. Isiyopata ruhusa hufa, na nyingi hufa.

Herman Eisen na Gregory Siskind walipima matokeo ya shughuli hii mwaka 1964, kabla ya mtu yeyote kujua jinsi inavyofanyika. Kingamwili za sungura waliopewa antijeni zilizidi kushika kwa nguvu wiki baada ya wiki. Tena, na hili tutalihitaji baadaye, sungura waliopewa dozi ndogo walifikia ubora wa juu kuliko waliopewa dozi kubwa. Antijeni ikiwa haba, ushindani huwa mkali.

Mwaka 1993 Thomas Kepler na Perelson walijiuliza swali la hesabu: kama mabadiliko mengi yanaharibu, seli yenye bahati iliyopata badiliko jema itaokokaje isiharibiwe na badiliko linalofuata? Jibu lao lilikuwa kwamba mabadiliko hayawezi kuendelea mfululizo. Seli lazima zibadilike kidogo, zisimame, zipimwe, kisha zilizofaulu zirudi kubadilika tena. Ilikuwa karatasi ya milinganyo. Mwaka 2010 Gabriel Victora, Michel Nussenzweig na wenzao, wakitumia panya ambao seli zao zaweza kuwashwa rangi kwa mwanga, waliziona seli zikivuka kutoka upande mmoja wa kitalu hadi mwingine na nyingine zikirudi.

Uboreshaji huu una kikomo, na kikomo chenyewe ni cha kifizikia. Jefferson Foote na Eisen walikieleza mwaka 1995. Kasi ya kingamwili kukutana na antijeni inabanwa na mwendo wa molekuli kwenye majimaji, kwa hiyo haiwezi kupandishwa ovyo. Muda wa kushikana nao una mpaka: seli B huimeza antijeni iliyonaswa ndani ya dakika kadhaa. Kipokezi kinachong'ang'ania kwa saa kadhaa na kinachong'ang'ania kwa siku nzima hupata alama sawa, kwa kuwa antijeni imeshamezwa kabla tofauti haijaonekana. Uteuzi hauwezi kuboresha kisichopimwa. Ndiyo maana utafiti wa Pavel Tolar na wenzake huko London, uliochapishwa mwaka 2013, ulinigusa sana: seli B hazingoji antijeni idondoke, zinaivuta kwa nguvu kutoka kwenye utando iliposhikiliwa. Kushikana dhaifu hukatika kwa kuvutwa. Seli imejipatia mtihani mgumu zaidi ya ule wa muda peke yake.

Kwa silaha zote hizo, kwa nini malaria hutaabisha miaka yote ile? Tuanze na surua, iliyo rahisi. Chanjo ya surua inayotumika hadi leo katika nchi nyingi inatokana na kirusi kilichotengwa mwaka 1954, na bado inakinga. Protini za juu ya kirusi hicho hazijabadilika kiasi cha kuzikwepa kingamwili. Shabaha imesimama, na kitalu kina wiki za kuilenga.

Kimelea cha malaria hakisimami. Kikiwa ndani ya chembe nyekundu ya damu, hutoa protini zake nje ya ngozi ya chembe hiyo ili inate kwenye kuta za mishipa na isipelekwe kwenye bandama kuchujwa. Protini iliyo maarufu zaidi katika hizo inatokana na jeni zipatazo 60, na kimelea huonyesha moja kwa wakati, kisha hubadilisha. Kundi jingine, liitwalo RIFIN, lina jeni 150 hivi. Vimelea vya mgonjwa wa jirani vina seti nyingine. Mtoto hujifunza umbo la mwezi huu vizuri kabisa, na mwezi ujao anaumwa na umbo jingine. Kila somo alilopata ni sahihi, ila ni jembamba. Ugonjwa wa utotoni pwani yetu ni gharama ya kukusanya masomo mengi membamba, mtihani mmoja baada ya mwingine, na kila mtihani unaweza kuua.

Je, mwili hauwezi kupata somo moja pana? Watafiti wa Kilifi na wenzao wa Bellinzona, Uswisi, walitafuta katika damu ya watu wazima wa Kenya kingamwili zinazoshika chembe zenye vimelea vya aina nyingi tofauti. Taarifa yao ilichapishwa katika jarida la Nature, na mimi bado naistaajabia. Kwa watu wawili walikuta kingamwili yenye kipande kikubwa kisicho cha kingamwili kabisa, cha asidi amino 100 hivi, kilichochomekwa kati ya V na D. Kipande hicho ni sehemu ya LAIR1, protini ya kawaida ya mwili ambayo jeni yake iko kwenye kromosomu ya 19. Kilihama hadi kwenye kromosomu ya 14 na kukaa ndani ya jeni ya kingamwili. Baadhi ya protini za RIFIN hujishika kwenye LAIR1 ili kuitegea kinga. Seli B ilichukua kile ambacho kimelea hukishika, ikakifanya mkono wake. Kisha mabadiliko ya kwenye kitalu yakapunguza uwezo wa kipande hicho kushika kolajeni, ambayo ndiyo kazi yake ya asili, na kukaza mshiko wake kwa RIFIN.

Huko nyuma nimesema ovyo la maungio huongeza herufi chache. Hapa limeongeza kipande kizima cha jeni ya kromosomu nyingine. Utafiti uliofuata, wa mwaka 2017, ulikuta kingamwili za namna hii kwa asilimia 5 hadi 10 ya watu wanaoishi penye malaria, na hata mmoja hakupatikana miongoni mwa wachangiaji damu wa Ulaya waliopimwa. Lazima niwaambie pia kwamba waliokuwa nazo hawakuonekana kukingwa zaidi dhidi ya homa ya malaria kuliko wenzao. Kushika ni jambo moja, na kuzuia ugonjwa ni jambo jingine.

Basi, kama tunajua kitalu kinavyochuja, twaweza kukiongoza? Kumbukeni sungura wa Eisen na Siskind. Mwaka 2016 watafiti wa chanjo ya malaria ya RTS,S walichapisha jaribio ambamo dozi ya tatu ilipunguzwa hadi moja ya tano na kucheleweshwa. Watu wazima waliojitolea waliumwa na mbu wenye vimelea chini ya uangalizi. Waliopewa dozi pungufu walikingwa kwa asilimia 86.7, na waliopewa ratiba ya kawaida kwa asilimia 62.5. Jeni za kingamwili za kundi la kwanza zilikuwa na mabadiliko mengi zaidi, kama nadharia inavyotaka. Jaribio hilo lilipohamishiwa kwa watoto, Siaya nchini Kenya na Agogo nchini Ghana, dozi pungufu haikuishinda dozi kamili. Sioni kwamba nadharia imeanguka. Mtoto wa Siaya si mtu mzima asiyewahi kuona malaria. Ana vitalu vinavyoshughulikia maambukizi mengine muda uleule, na kinga yake inajengwa huku vimelea halisi vikiingia. Hesabu yetu bado haijayaweka hayo ndani.

Ugumu mkubwa zaidi ni VVU. Kazi ya David Ho, Perelson na wenzao ya mwaka 1996 ilionyesha kwamba mwili wa mgonjwa asiyetumia dawa hutoa virusi bilioni 10 kila siku, na kwa wingi huo karibu kila badiliko la herufi moja hutokea kila siku. Wapo wagonjwa wachache ambao baada ya miaka hupata kingamwili pana, zinazoshika aina nyingi za kirusi. Arup Chakraborty na Mehran Kardar wa MIT, pamoja na Shenshen Wang na wengine, walitengeneza mwaka 2015 mfano wa kitalu kinachokabiliwa na antijeni kadhaa zinazopingana. Waliona kwamba ukizimwaga zote pamoja, seli zinavutwa huku na huku na nyingi hufa kabla ya kufika popote. Ukizipanga zifuatane, seli huongozwa hatua kwa hatua kuelekea sehemu ambayo antijeni zote zinashiriki.

Njia ya kufuatanisha imeanza kujaribiwa kwa watu. Seli B zinazoweza kukua na kuwa aina moja ya kingamwili pana ni takriban moja katika kila 300,000, na zile za mwanzo hazikishiki kirusi halisi. Kwa hiyo dozi ya kwanza hubeba antijeni iliyosanifiwa mahsusi kuziamsha hizo tu. Jaribio la shirika la IAVI lililofanyika Kigali na nchini Afrika Kusini, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2025, lilionyesha kwamba karibu washiriki wote waliitikia dozi hiyo kama ilivyotarajiwa. Katika jaribio pacha nchini Marekani, waliopewa baadaye antijeni ya pili iliyo tofauti na ya kwanza walionekana kuwa na seli zilizosogea mbele zaidi, na baadhi ya washiriki walipata vipele vya ngozi ambavyo bado vinachunguzwa. Kingamwili pana yenyewe haijafikiwa. Zimebaki dozi kadhaa, na kwa kila moja kuna hesabu ya kufanya: antijeni inayofuata iwe tofauti kiasi gani na iliyotangulia, ili mtihani uwe mgumu vya kutosha kuzisukuma seli mbele bila kuziua zote? Wanafunzi wa fizikia mlioko hapa mnazo zana za kuanza kulijibu swali hilo tangu mwaka wenu wa pili.